Siku Tano Nilizoomba

Ijumaa saa kumi jioni, nikiwa nafunga kompyuta ya mapokezi pale kliniki ya meno, mwalimu wa binti yangu Tamsin alinipigia simu kunieleza kwamba daktari wa mifugo amejitoa.

"Kang'atwa na mbwa wake mwenyewe," mwalimu akasema. "Nyuzi sita mkononi. Hawezi kupokea mwanafunzi wiki ijayo."

"Na mazoezi ya kazi yanaanza Jumatatu."

"Usiwe na wasiwasi, Bi. Prewett. Tumempata mtu mwingine, mchora maandishi ya boti, ana karakana pale mferejini. Anaitwa Maddox. Sijui kama unamfahamu?"

Nikasema simfahamu.

Yaani ulimi ulitangulia na akili ikabaki inaukimbiza. Huyo mtu niliyesema simfahamu, Jumanne ya wiki ileile nilikuwa nimembusu nyuma ya duka la rangi, tena kwa muda mrefu ambao mwanamke wa miaka arobaini na mbili mwenye nguo kwenye mashine ya kufulia hapaswi kuwa nao. Glyn Maddox. Alikuja kliniki kwetu mwezi wa pili kupaka upya maandishi ya dirishani, siku mbili nzima kwenye ngazi, na mimi nikawa nampelekea chai kila saa hadi daktari akaniuliza kama huyo bwana ana figo ngapi. Tangu hapo ilikuwa miezi mitano. Miezi mitano ya kukutana mji wa Oswestry ambako hatujulikani, na ya kufuta meseji kabla sijaingia nyumbani.

Sababu ya kujificha ilikuwa na jina. Iliitwa Beryl.

Beryl ni mama mkwe wangu. Mwanawe wa pekee, Neil, mume wangu, moyo wake ulisimama ghafla akiwa anakata nyasi bustanini, ana miaka thelathini na tisa. Tulimzika Alhamisi. Jumatatu yake, saa mbili kasoro asubuhi, Beryl alikuwa mlangoni kwangu na chakula cha mchana cha Tamsin kwenye kopo, na akafanya hivyo mwaka mzima, mvua na theluji, bila kunidai hata asante. Sijawahi kuona mtu mwenye nguvu kama zile. Na wala hakuwahi kunikataza kuwa na mtu mwingine. Ila kila akinitambulisha kwa mtu, miaka mitano sasa, husema vilevile: "Huyu ni Lorna, mke wa Neil." Anasema kwa mapenzi, ananishika na bega. Niambie wewe, ningeanzia wapi?

Jumapili nikamwendea Glyn karakanani.

"Siku tano tu," nikamwambia. "Jumatatu mpaka Ijumaa. Ujifanye hunijui."

Alikuwa anasafisha brashi zake. Glyn hajibu kwa haraka kitu chochote, hata ukimuuliza saa ngapi atafikiri kwanza. Ni jambo ninalolipenda sana kwake na siku ile lilinikera.

"Kwa hiyo binti yako nitakaa naye saa saba kila siku," akasema, "na nisimwambie kwamba nampenda mama yake."

"Nataka nimwambie mwenyewe. Kwa wakati mzuri."

"Huo wakati mzuri umekuwa unakuja tangu Februari, Lorna."

"Wewe hujui Beryl ametufanyia nini."

"Najua. Umeniambia mara kumi, na kila mara namheshimu zaidi. Sijakuomba umuache Beryl." Akaweka brashi chini. "Mimi nina miaka arobaini na nane. Sijui kukaa kabatini, magoti hayakunjiki tena. Nakupa siku zako tano. Sitasema uongo, lakini nitanyamaza. Siku ya sita ukinikana mbele ya macho yangu, nitajua umechagua nini. Sitagombana nawe. Nitaondoka tu."

"Siku ya sita ni Jumamosi. Tunakuwa kwenye boti, baba mkwe anatimiza sabini na tano."

"Basi una bahati," akasema. "Mimi sitakuwepo."

Akacheka kidogo, nami nikacheka, na tukaachana kwa amani. Lakini njiani nikirudi nilihisi mikono yangu baridi, na ilikuwa Julai, katikati ya majira ya joto.

Wiki ikaanza mbio. Jumatatu Tamsin aliondoka amenuna, maana alikuwa ameshajiona anamzalisha farasi. Ana miaka kumi na tano na akinuna nyumba nzima inajua. Jioni akarudi na rangi nyekundu sikioni.

"Mistari," akasema, akajitupa kwenye kochi. "Siku nzima nimechora mistari kwenye ubao. Mistari tu, Mama."

"Na huyo bwana, yukoje?" Nilikuwa naosha sufuria ambayo tayari ni safi.

Akanitazama kidogo. "Yuko sawa. Hasemi sana. Nilimtengenezea chai akainywa yote, kumbe hakuipenda."

"Umejuaje?"

"Leo jioni ndiyo kaniambia. Eti hakutaka kunivunja moyo asubuhi-asubuhi."

Jumanne ilikuwa mistari tena. Glyn alimwambia mkono wake una kiherehere, na Tamsin, ambaye mimi nikimwambia neno kama hilo atafunga mlango wa chumba kwa siku mbili, akanisimulia kwa fahari. Jumanne hiyohiyo Beryl akaja na orodha ya boti: soseji, mikate, mishumaa saba mikubwa na mitano midogo, makoti ya mvua, kofia ya karatasi ya mumewe, Clive. Beryl anaipanga safari ya boti namna wengine wanavyopanga operesheni ya hospitali. Saa tatu tunachukua boti. Saa nane keki. Saa kumi tunapita malango ya maji ya Coldbrook, yale yanayofunguliwa kwa mkono ili boti ipite, kabla foleni haijawa ndefu.

Jumatano Tamsin akasahau chakula chake mezani, nami ikabidi nikipeleke wakati wa mapumziko yangu.

Ningeweza kukiacha kwa jirani. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona. Niliingia kimyakimya, nikawakuta wote wawili mbele ya ubavu wa boti moja ya kijani iliyotolewa majini. Walikuwa wamenipa mgongo. Glyn alikuwa ameegemeza kiganja juu ya ile fimbo yake yenye kitambaa kichwani, ili mkono usiguse rangi mbichi, na brashi ikawa inateremka taratibu, bila kusita, ikaacha nyuma yake herufi nzima iliyonona juu na kuchongoka chini. Hakushusha pumzi mpaka alipomaliza.

"Umeona?" akamwambia Tamsin. "Sikuitazama brashi. Nilitazama ninakokwenda."

"Na ukikosea?"

"Nafuta. Haya, chukua. Na pumua, usije ukazimia, nina fomu kumi na moja za shule za kujaza ukizimia."

Tamsin akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo mbele ya mtu mzima wa kiume tangu baba yake. Glyn akageuka, akaniona.

Alinitazama muda mfupi tu, lakini ndani yake kulikuwa na salamu, na swali, na Jumanne yote ya nyuma ya duka la rangi. Nikashika kopo la chakula kwa mikono miwili. Nilitamani kumfuta doa la bluu lililokuwa juu ya kidevu chake. Nilitamani hivyo kiasi kwamba kidole gumba kilisogea chenyewe.

"Mchana mwema," nikasema kwa sauti ya mapokezi.

"Mchana mwema," akajibu, akarudi kwenye kazi yake. Alitimiza ahadi, hakunijua. Nikaenda kukaa ndani ya gari dakika tano kabla sijaweza kuliwasha.

Ijumaa Tamsin alirudi nyumbani ameshika ripoti yake kama cheti cha ndoa. Alikuwa ameruhusiwa kuchora ua moja, ua halisi, kwenye mlango wa boti halisi ya watu.

"Soma," akaniambia. "Usome kwa sauti."

Nikasoma. Glyn alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wake ninaoujua: *Tamsin ana jicho. Ana subira ambayo mwenyewe hajui anayo. Alipokosea hakulaumu brashi. Nitamkosa.*

Nikarudia tena, safari hii kimoyomoyo.

"Mama, unalia?"

"Vitunguu."

"Tunakula pizza." Akaichukua ripoti yake, akaikunja vizuri. "Halafu nimemwalika kesho. Kwenye keki ya Babu. Tutakuwa tumefunga boti karibu na kwake, kwa hiyo ni sawa tu, si ndiyo?"

Nikasema ni sawa tu.

Jumamosi ilikuwa siku nzuri ya kupendeza, na kwenye usukani alikuwa Beryl. Laiti ungemwona. Miaka sabini na miwili, koti la mvua limefungwa mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa linawaka, ule mti wa usukani ameuegemeza kwenye nyonga, na boti ya mita kumi na nane inapita chini ya madaraja ya matofali yenye nafasi ya kiganja kila upande bila kugusa ukuta. Clive alikuwa kwenye benchi mbele kabisa na kofia yake ya karatasi, akiwapungia ng'ombe.

Saa nane kamili tukafunga boti. Saa nane na dakika tano Glyn akatokea kwenye njia ya ukingoni, amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika bakuli la stroberi kutoka bustani yake. Alikuwa amenyoa, na amejikata kidogo.

"Mama," Tamsin akasema, "huyu ndiye Glyn. Glyn, huyu ni mama yangu."

Wote walikuwa wanatutazama. Beryl alikuwa ameshika kisu cha keki. Nilijua kabisa kwamba ni siku ya sita. Nilijua nikisema tu "tunafahamiana", basi, mengine yatajisema yenyewe polepole. Nikanyoosha mkono.

"Nafurahi kukufahamu, Bwana Maddox."

Aliutazama ule mkono kwanza. Kisha akaushika, kwa heshima, akauachia.

"Bi. Prewett," akasema. Hakuongeza kitu.

Nikakimbilia jikoni kumimina chai, maana kwetu mambo yakiwa mabaya mtu hukimbilia birika. Nikatoka na sinia. Clive maziwa na vijiko viwili. Beryl maziwa bila sukari. Glyn nikampa kikombe chake, nikakaa, nikaanza kusifia keki.

"Hujamuuliza," Beryl akasema.

"Sijamuuliza nini?"

"Anavyokunywa. Mgeni huulizwa maziwa, huulizwa sukari. Hujamuuliza." Alikuwa anatazama ndani ya kikombe cha Glyn. Chai ya rangi, mfuko wa majani umeachwa ndani. "Na sukari umeweka ngapi?"

"Tatu," nikasema. "Tamsin aliniambia. Wiki nzima amekuwa akimtengenezea."

Kila mtu akamgeukia Tamsin. Mtoto hakuwa ameniambia kitu kuhusu sukari ya mtu yeyote, naye alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Uso ukamwiva.

"Ndiyo, Bibi," akasema. "Nilimwambia mimi."

Glyn akaweka kikombe chake juu ya paa la boti, kimejaa vilevile. Alifanya hivyo taratibu, akahakikisha hakitaanguka. Akamtakia Clive heri ya miaka mingine mingi. Akamwambia Tamsin lile ua lake limekauka vizuri. Akanisogelea kana kwamba anarudisha kijiko.

"Ukinikana mimi nitavumilia," akaniambia chini kwa chini. "Lakini mtoto kusema uongo kwa ajili yangu, hapana. Kwaheri, Lorna."

Akashuka, akaenda zake.

Sasa, kwa mtu mwingine yeyote duniani kisa kingeishia hapo. Mwanamume angeondoka, mwanamke angelia, pazia. Lakini Beryl alitazama saa yake akasema tumechelewa dakika nne kwa ajili ya Coldbrook, fungueni kamba. Tukafungua. Injini ikaanza kuguguma, boti ikaondoka, na baada ya kona ya kwanza huyo hapo Glyn, kwenye njia ya ukingoni, anatembea kuelekea nyumbani kwake. Upande uleule tunaokwenda. Na boti ya mferejini haizidi mwendo wa mtu anayetembea.

Tukawa sambamba. Mita tatu za maji ya kahawia katikati. Yeye anatazama mbele, mimi natazama sinia.

"Yule si bwana wa rangi?" Clive akapaza sauti kutoka mbele. "Bwana wa rangi! Umesahau chai yako."

"Asante, Clive," Glyn akajibu. "Nimeshiba."

Akaongeza mwendo. Alipotupita kidogo, njia ikawa na tope, akapunguza. Tukamfikia. Akasimama kutupisha, lakini kulikuwa na boti zimefungwa ukingoni na Beryl akapunguza injini, maana ukizipita kwa kasi watu wanamwagikiwa na supu. Tukawa tumesimama naye. Haikuwezekana kumwacha wala kuachwa naye.

Nikaingia ndani kuosha vikombe. Tamsin akanifuata, akafunga mlango.

"Nenda ukaongee naye," akasema.

"Niongee nini? Ni bosi wako."

"Mama." Akaegemea sinki. "Jumatatu kwenye rafu yake ya rangi niliona glavu ya kijani. Moja. Ile niliyokufumia mimi, yenye kidole gumba kirefu. Ulisema umeipoteza kwenye basi."

Maji yalikuwa yanatiririka, hakuna aliyeyafunga.

"Tangu Jumatatu?" nikasema.

"Nikasema moyoni, ataniambia leo. Jumanne nikasema ataniambia leo. Jumatano ukaja na chakula changu ukasema *mchana mwema* kama unampigia mtu wa benki. Nilimwalika kwa sababu nilifikiri akija utasema." Sauti ikamkatika. "Ni mtu mzuri, Mama. Nimekaa naye wiki nzima na sijamsikia akimsema mtu vibaya. Mimi sijali. Yaani, najali, nilijisikia vibaya Jumatatu usiku kwa ajili ya Baba. Halafu Jumanne nikajisikia vizuri kidogo. Kwa nini umenifanya nimdanganye Bibi?"

Nilimkumbatia na glavu za kuoshea vyombo zikiwa mikononi. Hakuna mama anayependa kufundishwa na mwanawe, lakini nilikuwa nimefundishwa, na nilimwonea fahari mtoto wangu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Ngoja nikaseme."

Mlango wa nyuma unatokea palepale anaposimama mwendesha boti. Hakukuwa na namna ya kuongea na Glyn pasipo Beryl kusikia. Nikapanda ngazi, nikasimama bega kwa bega na mama mkwe wangu. Hakunitazama.

"Glyn," nikaita. "Subiri."

"Nisubiri vipi?" akajibu bila kugeuka. "Nyinyi ndio mnanifuata."

"Nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Nimemfanya Tamsin aseme uongo."

"Hilo ni deni lako na Tamsin. Mimi je?"

"Nimekukana."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wote, Glyn, unataka niwataje majina?"

"Ndiyo," akasema. Sasa alikuwa ananitazama, anatembea ubavu-ubavu, karibu aingie kwenye miiba. "Nataka uwataje. Miezi mitano sijataka kitu kingine. Sitaki pete wala nafasi ya mtu. Nataka nikikuona sokoni niweze kukubebea kapu."

Wakati huohuo boti nyingine ikatokea mbele yetu, bwana na bibi wa makamo na mbwa mweupe juu ya paa. Kwetu huwezi kupishana na boti bila kusalimia, hata kama umefiwa.

"Mchana mwema," bwana akasema. "Hali ya hewa imetupendelea."

"Kabisa," Beryl akasema.

"Mbwa wenu mzuri," Glyn akasema kutoka ukingoni.

"Wamesema mvua Jumatatu," nikasema mimi, machozi yananitiririka.

Walipotupita nikajifuta machozi.

"Beryl," nikasema. "Nampenda huyu mtu. Ni tangu Februari. Nilishindwa kukwambia kwa sababu wewe ndiye uliyenishika nilipokuwa siwezi kusimama, na niliona nikikwambia nitakuwa nimekurudishia kopo lako la chakula usoni. Sukari ni tatu. Tamsin hakuniambia. Nilijua mwenyewe."

Beryl alikuwa anatazama mbele, kwenye daraja linalokuja. Akausukuma usukani kidogo kwa nyonga, boti ikajinyoosha.

"Nimejua tangu kikombe," akasema. Kisha akasema, "Neil alikuwa anakunywaje?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nini?"

"Chai yake. Mwanangu. Alikuwa anakunywaje?"

"Maziwa mengi, mpaka iwe nyeupe," nikasema. "Kijiko kimoja. Na hamalizi. Anaacha robo kikombe, kila mara, popote atakapokuwa. Nilikuwa navikuta dirishani, kwenye gari, kwenye ngazi. Kile alichokiacha asubuhi ile bustanini sikukiosha mpaka Krismasi."

Daraja likatupita juu, tukaingia kivulini, tukatoka upande wa pili. Huko ukingoni nyayo za Glyn zilikuwa bado zinasikika kwenye kokoto. Beryl akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo, ni mtu wa leso.

"Robo," akasema. "Tangu ana miaka minne. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

"Hata mimi."

"Sijafurahi, Lorna. Usinitake nifurahi leo. Labda hata mwezi huu." Alisema kwa upole, kila neno mahali pake. "Nitakuwa na siku nitakayomwona kwenye kiti cha mwanangu na nitataka kumtupia kitu. Mjiandae."

"Tutajiandaa."

"Lakini kunificha. Mimi." Hapo ndipo sauti yake ilipotikisika. "Ulidhani nilikuja na lile kopo kila asubuhi ili nikufunge? Nilikuja kwa sababu ningebaki nyumbani ningekufa. Ulinifungulia mlango, mwanangu. Hukunifukuza hata siku moja, na nilikuwa nakuja mapema mno."

Nilitaka kumkumbatia lakini mtu anayeshika usukani hakumbatiwi, kwa hiyo nikamshika bega, kama anavyonishika yeye. Akaacha nimshike.

Kisha akapunguza injini, akausukuma usukani mbali naye, na pua ya boti ikaanza kusogea ukingoni. Mita tatu zikawa mbili. Glyn akasimama, hajui kama anagongwa au anakaribishwa.

"Ruka," Beryl akaniambia.

"Hatufungi kamba?"

"Nyuma yangu kuna boti mbili, nikisimama watanitangulia Coldbrook. Ruka."

Tamsin alikuwa ameshatoa kichwa mlangoni, na Clive mbele amegeuka na kofia yake, anauliza kuna nini, hakuna anayemjibu. Mita moja. Mimi si mtu wa kuruka. Nikaruka. Mguu mmoja ukafika kwenye nyasi, wa pili ukaingia majini mpaka gotini, na Glyn akanidaka mkono na kunivuta juu kwa nguvu zake zote hata tukaishia wawili wetu kwenye miiba. Akanishika uso. Viganja vyake vilinuka mafuta ya taa na stroberi. Nikambusu palepale, mbele ya mama mkwe, baba mkwe, binti yangu na ng'ombe wote wa upande wa pili, na sikuharakisha.

Boti ilikuwa imeshaanza kuondoka. Beryl hakuwa anatutazama. Alikuwa amesimama wima kwenye usukani wake, macho mbele.

"Malango ya Coldbrook ni mawili," akapaza sauti bila kugeuka, "na Clive ana goti bovu. Tangulieni mkayafungue. Nikifika saa kumi niyakute wazi."

Glyn alikuwa anajitoa mwiba kwenye shati lake la pasi. "Anamwambia nani?" akaniuliza.

Nikamshika mkono. "Sisi," nikamwambia.